Joseph Conrad: nahodha aliyefika mlangoni mwa Maniema akarudi

Tarehe 1 Septemba 1890, boti ndogo ya moshi inayoitwa Roi des Belges ilifunga kwenye kituo cha Stanley Falls, pale palipo leo muji wa Kisangani. Ilikuwa imepanda mto kutoka Kinshasa kwa muda wa majuma mane. Kupita hapo haikuweza, maporomoko yanafunga njia. Na nyuma ya maporomoko ndipo ilipoanzia njia ya Lualaba: Riba-Riba, Nyangwe, Kasongo, kisha kwa miguu mpaka Kabambare na kuendelea Ujiji. Wakati ule njia hiyo yote ilikuwa mikononi mwa Tippo Tip na jamaa zake.

Ndani ya boti mlikuwa na Muzungu mmoja wa miaka 32, mwenye ndevu nyeusi, aliyepandishwa ili ajifunze mto kabla ya kupewa boti yake mwenyewe. Kwenye karatasi za kompani jina lake lilikuwa Korzeniowski. Hakuwa mtu anayejulikana, ijapo ndani ya sanduku lake alibeba kurasa za kitabu alichokuwa ameanza kuandika. Alikaa Stanley Falls siku chache tu, akashuka na mto, na maisha yake yote hakurudi Kongo tena. Miaka tisa baadaye safari ile ikazaa hadisi ya Kiingereza ambayo mpaka leo, watu wa mbali wakitaka kusema kitu juu ya Kongo, mara nyingi ndiyo wanayoishika mkononi. Dunia inamjua mwandishi wake kwa jina la Joseph Conrad.

Conrad hakuzaliwa Muingereza. Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 kule Berdyczów, muji ulio leo ndani ya inchi ya Ukraine, na wazazi wake walikuwa Wapolandi. Majina aliyopewa ni Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Siku zile Polandi haikuwa inchi tena. Warusi, Waprusia na Waaustria walikuwa wameigawanya kati yao, kama watu wanaogawana shamba la mwenye kuwa bado hai. Baba yake, Apollo, alikuwa mtunga mashairi na mfasiri, na aliingia katika mipango ya siri ya kuwapinga Warusi. Wakamkamata mwaka wa 1861. Mwaka uliofuata akapelekwa uhamishoni Vologda, kaskazini ya Urusi kwenye baridi kali, yeye pamoja na mke na mtoto wao mmoja. Mama alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1865. Baba naye akafa huko Kraków mwaka wa 1869, wakati mtoto alikuwa na miaka 11. Mjomba, Tadeusz Bobrowski, ndiye aliyemlea na kulipa madeni yake kwa miaka mingi.

Katika utoto huo wa upweke kuna jambo ambalo Conrad mwenyewe alilisimulia akiwa mtu mzima. Alipokuwa na miaka tisa hivi alishika karata ya Afrika, akaweka kidole katikati, mahali Wazungu walipoacha peupe bila jina lolote, akasema kwamba akikua atakwenda pale. Peupe pale hapakuwa peupe kwa watu waliopakaa. Karibu na miaka ile ile David Livingstone alikuwa Kabambare, wakati huo wakiandika Bambarre, na mwaka wa 1870 alilala huko miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Mwezi wa saba 1871, akiwa Nyangwe, aliona kwa macho yake watu wa soko, wengi wao wanawake, wakipigwa risasi na watu wa wafanyabiashara wa pwani na kuzama mtoni. Habari hizo zilipofika Ulaya ziliwatikisa wengi. Conrad alimheshimu Livingstone kuliko wasafiri wengine wote, na aliandika hivyo mwishoni mwa maisha yake.

Kijana alitaka bahari. Mwaka wa 1874, na miaka 16, akaondoka kwenda Marseille, Ufaransa, akaanza kazi kwenye meli. Pale maisha yalimpindukia: alikopa pesa, akapoteza, na mapema mwaka wa 1878 akajipiga risasi kifuani. Risasi haikugusa moyo. Mjomba akaja, akalipa madeni, na kwa watu ikasemwa kwamba kijana aliumizwa katika pigano la heshima. Mwezi wa sita mwaka huo akashuka Lowestoft, Uingereza, akiwa na miaka 20 na maneno ya Kiingereza ya kuhesabu. Hii ilikuwa luga yake ya tatu, nyuma ya Kipolandi na Kifaransa. Aliisikia kwanza midomoni mwa mabaharia. Lafuzi ya kigeni haikumtoka mpaka kufa, lakini kwa kalamu alikuja kuwapita wengi waliozaliwa na luga hiyo.

Alipanda ngazi za kazi moja moja, na mwaka wa 1886 alipata mambo mawili: uraia wa Uingereza na cheti cha nahodha. Alizunguka Singapore, Borneo, Bangkok na Australia. Meli kubwa aliyoiongoza mwenyewe baharini ilikuwa moja tu, Otago, mwaka wa 1888 na 1889. Manahodha walikuwa wengi kuliko meli. Aliporudi London bila kazi, Afrika ya utoto wake ikamrudia kichwani.

Kazi ya Kongo aliipata kwa njia ambayo mtu yeyote anaijua, njia ya jamaa. Marguerite Poradowska, mjane wa ndugu yake wa mbali na yeye mwenyewe mwandishi, alikuwa anakaa Bruxelles na alijuana na wakubwa. Kompani moja ya Ubelgiji iliyofanya biashara ya pembe za tembo huko juu ya mto ilikuwa inatafuta nahodha haraka. Yule waliyekuwa naye, Mdenmark Freiesleben, alikuwa ameuawa mwanzo wa 1890 katika ugomvi na watu wa kijiji kule Tchumbiri. Korzeniowski akatia sahihi mkataba wa miaka mitatu.

Alifika Boma tarehe 12 Juni 1890, na kesho yake Matadi. Reli ya kwenda Kinshasa ilikuwa ndiyo kwanza inaanzwa, na watu walikufa wengi katika kazi ile. Matadi alikutana na Muirlandi kijana, Roger Casement, wakakaa chumba kimoja. Huyo alimpenda, wengine wengi hawakumpendeza hata kidogo. Mwisho wa mwezi wa sita alianza safari ya miguu mpaka Kinshasa, pamoja na Mbelgiji mmoja na wapagazi 31. Aliandika kila siku katika kijitabu: mbu, maji machafu, milima, bei ya kuku. Aliandika pia juu ya maiti aliyoikuta kando ya njia, na tena maiti nyingine, na mifupa ya mtu aliyefungwa kwenye mti. Anaandika hayo kwa ufupi, bila kueleza. Yule Mbelgiji aliugua na wapagazi wakambeba katika machela, wakigombana juu ya uzito wake. Majina ya wapagazi wale 31 hayakuandikwa, na hakuna anayeweza leo kuuliza jamaa zao.

Kufika Kinshasa mwezi wa nane akakuta boti aliyoahidiwa, Florida, imevunjika. Tarehe 3 Agosti akapandishwa kwenye Roi des Belges kama msaidizi wa nahodha Koch. Ndiyo safari iliyomfikisha kwenye maporomoko. Tippo Tip, ambaye tangu 1887 alikuwa liwali wa Stanley Falls kwa mapatano na mfalme Leopold, alikuwa ameisha kuondoka kuelekea pwani, na pale alibakia Rashid, mtoto wa ndugu yake. Hivyo watu wawili walioandika habari za inchi hii zikasomwa duniani walipishana kwa miezi michache tu.

Koch aliugua, na kwa siku chache Korzeniowski ndiye aliyeongoza boti kushuka mto. Ndani yake alikuwa amelala agenti Mfaransa, Georges Antoine Klein, mgonjwa wa kuhara damu. Alikufa njiani tarehe 21 Septemba na kuzikwa Tchumbiri. Baadaye Korzeniowski naye akashikwa na kuhara damu na homa. Na mkubwa wa kompani pale Kinshasa, Camille Delcommune, hakutaka hata kumwona. Alikuwa ametumainia kuongoza boti katika safari ya kwenda Katanga, ikawa hapana. Mkataba wa miaka mitatu uliisha ndani ya miezi sita. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa Boma akingoja meli ya kurudi, na mwanzo wa 1891 aliingia hospitali London. Homa na maumivu ya viungo havikumwacha tena. Watu wanaomjua walisema kwamba Kongo ndiyo iliyoua baharia na kuacha mwandishi. Hiyo ni kweli nusu tu, maana kitabu cha kwanza alikuwa amekianza kabla ya kufika Matadi.

Alijaribu bahari tena, lakini mwanzo wa 1894 akaiacha kabisa. Mwaka wa 1895 kitabu chake cha kwanza, Almayer's Folly, kikatoka London kwa jina jipya la Joseph Conrad. Mwaka wa 1896 akamwoa Jessie George, na mwaka ule ule akaandika hadisi fupi, An Outpost of Progress, juu ya Wazungu wawili wajinga waliowekwa kulinda kituo cha pembe na mmoja wao anaishia kumwua mwenzake kwa sababu ya sukari kidogo. Katika hadisi hiyo kuna karani Mwafrika mwenye akili kuliko mabwana zake wote wawili, naye ndiye anayeuza watu ili kupata pembe. Ni hadisi kavu, yenye kuchoma, na wanaoijua ni wachache mno kwa namna ilivyo nzuri.

Kisha ikaja ile kubwa. Heart of Darkness, ambayo wanafunzi wa Kongo wanaijua zaidi kwa jina la Kifaransa Au cœur des ténèbres, ilitoka katika gazeti la Blackwood's kati ya Februari na Aprili 1899, na ndani ya kitabu mwaka wa 1902. Baharia mmoja, Marlow, anasimulia alivyopanda mto mkubwa kumtafuta agenti anayeitwa Kurtz. Kurtz anasifiwa na wote kwa kupeleka pembe nyingi kuliko vituo vingine vyote pamoja. Marlow anapomfikia anamkuta mgonjwa, anaabudiwa kama mungu, na vichwa vya watu vimechomekwa kwenye nguzo kuzunguka nyumba yake.

Kurtz alikuwa nani? Katika maandishi ya mkono ya kwanza aliitwa Klein, lakini Klein maskini hakufanya mambo yale. Watafiti wengine wanamtaja Léon Rom, ofisa wa Leopold aliyetawala Stanley Falls na kupanga vichwa 21 vya watu kuzunguka maua yake. Msafiri mmoja aliviona mwaka wa 1895 na habari ikachapwa magazetini kabla Conrad hajaandika. Wengine wanamtaja Arthur Hodister, na jina hili linaigusa Maniema moja kwa moja. Hodister alikuwa Mbelgiji aliyesifiwa sana katika biashara ya pembe wakati Conrad alipokuwa mtoni. Mwaka wa 1892 alipanda na msafara wa biashara kuelekea Lualaba, ndani ya eneo ambalo Waarabu na Wangwana waliliona kuwa lao. Akauawa pamoja na wenzake upande wa Riba-Riba, palipo leo Lokandu, na magazeti ya Ulaya yakaandika kwamba vichwa vyao viliwekwa juu ya miti. Mwaka ule ule Lippens na De Bruyne, wajumbe wa Leopold, waliuawa Kasongo. Vita ilikuwa imeisha kuwaka. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, Kabambare Januari 1894. Komandan Dhanis alisifiwa Bruxelles kwamba amemaliza biashara ya watumwa, lakini waliokufa na kupigana pande zote mbili, wengi sana, walikuwa wana wa inchi hii. Baada ya Mwarabu akaja Bulamatari na kodi ya mpira.

Conrad hakuona hayo. Ndani ya kitabu chake hakuna Kasongo, hakuna Nyangwe, hakuna Tippo Tip, hata neno Kongo halimo. Mto hauna jina. Na wenyeji wanaonekana ukingoni kama mikono, macho na makelele. Wanapewa kusema maneno machache sana. Mwandishi Chinua Achebe wa Nigeria alilisema jambo hilo kwa ukali katika mafundisho aliyotoa kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka wa 1975: kwamba Conrad alikuwa mbaguzi, na kwamba aliifanya Afrika kuwa pazia la nyuma la ugonjwa wa Muzungu mmoja. Tangu siku ile hakuna mwalimu anayefundisha kitabu hicho bila kujibu Achebe. Wanaomtetea Conrad wanakumbusha kwamba mwaka wa 1899, wakati Leopold alisifiwa kama mfadhili wa Waafrika, huyu aliandika waziwazi kwamba kazi yote ile ilikuwa wizi wa nguvu. Mambo yote mawili yamo ndani ya kitabu, na hakuna linalofuta lingine. Aliuona wizi vizuri. Walioibiwa hakuwaona.

Miaka ile ile, Tippo Tip akiwa mzee Unguja aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka wa 1902 na 1903. Kitabu chake kimejaa yale ambayo kwa Conrad hayamo: majina ya watemi, vijiji, njia, bei ya pembe, nani alimdai nani. Mtu wa Kasongo akikisoma anajua yuko wapi. Lakini nacho ni kitabu cha mshindi. Wale waliotekwa na kubebeshwa pembe wanapita ndani yake kama hesabu ya mali.

Casement hakumsahau yule rafiki wa Matadi. Mwaka wa 1903, akiwa konsuli wa Uingereza, alipanda mto kuchunguza mauaji ya mpira, akamwomba Conrad msaada. Conrad alimpa barua ya kutumia hadharani, akishangaa kwamba Ulaya iliyofuta biashara ya watumwa inavumilia Serikali ya Kongo. Kuingia kwenye kampeni yenyewe alikataa, akijitetea kwamba yeye ni mtunga hadisi tu. Ripoti ya Casement ilitoka 1904, na 1908 Leopold alinyanganywa Kongo ikapewa Ubelgiji. Casement alinyongwa na Waingereza tarehe 3 Agosti 1916 kwa kupigania uhuru wa Ireland. Wakati waandishi wengine walitia sahihi kumwombea, Conrad hakutia.

Vitabu vyake vingine vilivyo bora vilizaliwa katika miaka ya taabu na madeni: Lord Jim mwaka wa 1900, Nostromo 1904, The Secret Agent 1907, Under Western Eyes 1911. Lord Jim ina asili yake katika jambo lililotokea kweli. Mwezi wa nane 1880 meli Jeddah ilikuwa inabeba mahujaji karibu 1000 kuelekea Makka. Ilipoanza kuingiza maji, nahodha na maofisa wake Wazungu waliingia katika mashua usiku wakawaacha Waislamu wale wazame, kisha wakatangaza Aden kwamba meli imepotea. Kesho yake meli ikaingia Aden ikivutwa na nyingine, mahujaji wangali hai. Conrad alichukua aibu ile akaiweka juu ya ofisa kijana mmoja anayeikimbia maisha yake yote. Pengine ndicho kitabu chake chenye moyo zaidi, ijapo hapa pia mahujaji wenyewe hawaulizwi kitu.

Pesa zilikuja akiwa karibu na miaka 60, na kitabu Chance kilichouzwa vizuri mwaka wa 1914. Mwaka wa 1923 Marekani ilimpokea kama mfalme. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikampa heshima ya kuitwa Sir, akaikataa kwa adabu. Tarehe 3 Agosti 1924, siku ile ile aliyoondoka Kinshasa miaka 34 mbele yake, alikufa kwa moyo nyumbani kwake Bishopsbourne, na miaka 66. Kijitabu chake cha safari ya miguu kilichapishwa mwaka wa 1925, pamoja na zile maiti mbili na mifupa juu ya mti. Kaburi lake liko Canterbury. Mchonga jiwe hakujua Kipolandi, akaandika majina yake na makosa, na mpaka leo hayajasahihishwa.